Panga wanaliogopa, dawa hawaiogopi

Jambo yenu, wazazi wangu. Asanteni mlioacha meza zenu kwenye soko la Kadutu, Bukavu, mapema mkaja hapa.

Tazameni chupa hii. Ni ya soda, na ndani nimetia maji na maziwa kidogo, msiogope. Lakini dawa nyingi za wadudu zikikorogwa kwenye maji huwa nyeupe hivi hivi. Na sokoni tunapimiwa dawa katika chupa kama hii, haina lebo. Mtoto aliyepalilia tangu asubuhi, kiu imembana, ataitambuaje?

Juzi huko Kabare niliwauliza watoto wa darasa la tano: shambani ni kitu gani kinaweza kukuumiza? Mikono ikajaa hewani. Panga! Jembe! Nyoka! Mmoja akavua kandambili, akanionyesha kovu la jembe kwenye kidole gumba, anacheka. Dawa haikutajwa. Nikauliza nani amewahi kumsaidia baba kupuliza nyanya: karibu nusu ya darasa. Kwao hatari ni kile kinachotoa damu.

Dawa haitoi damu. Nyingine hupenya kwenye ngozi, hata kama mtoto hakuonja tone. Na mwili wake mdogo, ukilinganisha na uzito wake, una ngozi nyingi kuliko wetu, tena anapumua haraka zaidi. Jioni anatapika, mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Sisi tunasema malaria. (Wengine tunamtafuta mchawi, tusifichane.)

Mzigo nao ni vile vile. Kamba kwenye paji la uso, kitunga cha mihogo mgongoni, mlima mbele. Mwulize kama anaumwa shingo, atakwambia hapana, maana ameizoea.

Sheria tunazo. Mwaka 2001 nchi yetu ya Kongo iliridhia Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18, na tarehe 10 Januari 2009 ikaja sheria yetu ya kumlinda mtoto. Lakini mkaguzi wa kazi, nani amewahi kumwona akipanda vilima vya Kabare?

Sisemi mtoto asishike jembe. Mimi maharage nimepalilia sana, baada ya masomo, na nilijifunza mengi. Nasema juu ya kukoroga dawa, kubeba pampu, kuoshea kidumu mtoni halafu kesho kuchotea maji ya kunywa kidumu kile kile.

Ndiyo, baba, uliza.

«Mwalimu, sasa maji ya kukorogea dawa atanichotea nani?»

Achote yeye, baba. Aweke ndoo kandokando ya shamba, aende zake kabla hujafungua chupa. Na lile shati la kupulizia, ulifue wewe mwenyewe.

(Kicheko, hasa upande wa kina mama.)