Gari niliyokuwa naunda imekamilika, lakini msiniulize tena inakuja lini Lubumbashi

Jambo wote. Jambo Katuba, jambo Kamalondo, jambo Ruashi, na ninyi wa Kipushi ambao kila mara mnasema nawasahau, jambo sana. Video hii sikuipanga. Nilitaka kuwaonyesha waya za taa za gari niliyojiundia mwenyewe tu, basi. Lakini kila nikifungua maoni nakuta swali lile lile: "Yaya (kwetu ni kaka mkubwa), hiyo gari inakuja lini Lubumbashi?" Chini yake mwingine: "Pesa hiyo si ungejenga nyumba kwenu?" Wa tatu anacheka: "Gari gani hii haina paa, haina madigadi, magurudumu yako nje nje?" Leo najibu wote, halafu tumalizane.

Sijisifu. Najua kuna mtu tayari anaandika kwamba nawaonyesha dola. Mimi hapa Louisville, Kentucky, nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, napakia maboksi. Gari hii imejengwa na maboksi hayo, kipande kwa kipande, na kuna miezi ilikaa chini ya turubai haiguswi kwa sababu pesa ya mwezi ilikwenda Lubumbashi, mara matanga, mara minerval, ada ya shule ya watoto, mara mtu amelazwa. Na silalamiki! Ukisema maisha ya huku yalivyo, unaambiwa unalia. Ukinyamaza, umejitenga. Basi mnivumilie tu.

Umbo lake ni la Ford ya 1932, rodsta, viti viwili na upepo. Mwaka huo ndio Ford walipotia injini ya V8, ya silinda nane, kwenye gari ya bei ya mtu wa kawaida, na zilipozeeka vijana wa Marekani wakazinunua kwa bei ya chini, wakang'oa kila chenye uzito, madigadi, bampa, paa, wakaenda kushindana mbio juu ya maziwa yaliyokauka kule California. Kwa hiyo wewe unayecheka magurudumu, jibu ndilo hilo, vipande havijaibiwa. Bodi ya chuma ya 1932 yenyewe siifikii kwa bei. Yangu ni ya faiba, mpya, na shasi yake ni mpya. Injini ni V8 ya Chevrolet, lita 5.7, niliitoa kwenye pikapu iliyoliwa na kutu. Dola mia nne, na mwenye pikapu alifurahi kunisaidia kuipakia ili aone uwanja wake tena.

Kuna mmoja aliandika: "Injini ya Chevrolet ndani ya Ford? Hii ni kuungaunga kama ya kwetu." Baba, umesema kweli kabisa. Mimi ufundi nimeanzia kwa mjomba wangu, tolie, fundi wa kunyoosha bodi za magari, Katuba, chini ya mwembe. Pale nimeona Peugeot inatembea na injini ya Toyota, radieta imechomelewa kwa mkono, na mwenyewe anakwenda nayo Likasi na kurudi bila wasiwasi. Huku watu wanalipa maelfu ya dola kufanya kwa raha jambo ambalo mjomba alilifanya kwa kukosa spea. Kila Agosti magari ya namna hii yanakuja hapa Louisville kwa maelfu, yanajaza uwanja wa maonyesho, wazee weupe wamekaa kando yao kwenye viti vya kukunja wanakula. Nikipita pale najikuta namtafutia mjomba kazi: hapa angenyoosha, hapa angekata, hapa angemwambia mwenyewe amedanganywa. Lakini mjomba viza alinyimwa. Hiyo ni video nyingine, na siku hiyo nitasema mengi.

Turudi kwa gari. Waliouliza kipi kilinisumbua wanangoja niseme injini. Injini inajulikana, V8 hii ya Chevrolet familia yake imeanza 1955, spea zake zinauzwa karibu kama mikate. Breki ndizo zilizonila akili. Kwenye gari hii masta silinda, pampu inayosukuma oili ya breki, inakaa chini ya sakafu, iko chini kuliko kalipa zinazoshika diski za magurudumu, kwa hiyo oili ya breki inarudi yenyewe ukiacha pedali, na ukikanyaga tena mguu unazama. Dawa yake ni valvu ndogo mbili kwenye mabomba, ya presha ya pauni 2 kwa diski za mbele na ya pauni 10 kwa dramu za nyuma, zinabakiza presha kidogo ndani. Kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Ukichanganya ya mbele na ya nyuma, diski zinakaa zimeshika, unanusa harufu barabarani. Mabomba yenyewe ni shaba iliyochanganywa na nikeli, asilimia 90 kwa 10, kutu haiyali na yanakunjika kwa mkono. Shaba tupu msitumie kwenye breki, inachoka na mtikisiko halafu inapasuka. Mtoto wa mji wa Gécamines, kampuni ya kuchimba shaba, amepiga magoti Kentucky anakunja mabomba ya shaba! Nilicheka peke yangu garajini.

Waya, kwa kifupi: faiba haipitishi umeme. Gari ya chuma, bodi yenyewe ndiyo masi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hapa kila taa, kila geji, honi, lazima uivutie waya wake wa masi mpaka kwenye shasi. Fundi wa nyumbani aliyezoea chuma atatafuta kosa la taa mpaka usiku uingie.

Na ile siku ya kuwasha ambayo mliona kipande tu. Wengi waliandika, "Mbona unainyanyasa injini mpya, inapiga kelele muda wote?" Kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini, ya aina hii ya zamani, ikiwa mpya, haitaki kuwashwa ikaachwa inanguruma polepole. Unaiweka kwenye mizunguko 2,000 na zaidi kwa dakika, na unaibakiza hapo dakika 20 hadi 30, unapandisha na kushusha kidogo, oili yenye zinki ndani, ili kamshafti na tapeti inazozisukuma zizoeane. Oili inaifikia kamshafti kwa kurushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Mpangilio wa moto, yaani silinda ipi inawaka baada ya ipi, 1-8-4-3-6-5-7-2, niliuandika ukutani kwa rangi kwa sababu karatasi garajini hazikai. Mke wangu alisimama mlangoni na kizimamoto, jirani wa kulia akaja na kiti. Jirani wa kushoto aliita polisi. Polisi alifika, akauliza kama ni 350, ndivyo huku wanavyoiita hii ya lita 5.7, nikamwambia ndiyo, akaingiza kichwa chini ya boneti mpaka dakika zikaisha.

Sasa karatasi. Ee Mungu. Huku kila jimbo lina sheria yake ya gari ya kujiundia, kwa hiyo haya ninayosema ni yangu mimi, usije ukanifuata ukiwa Texas ukasema yaya alinidanganya. Kule California, kwa mfano, gari 500 za kwanza tu kila mwaka ndizo zinazopata nafuu kwenye kipimo cha moshi. Huku kwangu tatizo lilikuwa risiti. Gari haikutoka kiwandani, kwa hiyo serikali inataka kujua kila kipande kikubwa kimetoka wapi: bodi, shasi, injini, giaboksi. Wanaogopa vitu vya wizi, na hapo wana haki. Bodi ilikuja na cheti cha mtengenezaji, safi. Injini, yule mzee wa pikapu aliniandikia risiti nyuma ya kipande cha katoni ya bia, kwa kalamu ya seremala, amesaini na kuweka tarehe. Nimeitunza katoni ile ndani ya plastiki kuliko diploma yangu. Ofisa aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akasoma jina la bia, akaniangalia.

Katoni ilipita. Jina langu likakataa. Ninyi mnajua sisi Wakongo tuna majina matatu, jina, prenomu ambalo ni la ubatizo, na postinomu, lililokuja Mobutu alipotuambia mwaka 1972 tuache majina ya Kizungu turudie ya mababu. Huku fomu ina nafasi mbili. Siku nilipoingia nchi hii mtu mmoja kwenye kompyuta aliamua postinomu yangu ndiyo jina la ukoo, na lile la baba akalitupa katikati. Kwa hiyo duka la shasi limeandika jina la baba, duka la tairi prenomu na postinomu, benki inajua mpangilio wake. Ofisa ananiuliza watu hawa watatu wako wapi, waje wasaini. Nikamwambia wamekuja wote, wameketi mbele yako. Hakucheka. Nimelipa kiapo kwa mthibitishaji wa hati, nimelipa tafsiri ya cheti cha kuzaliwa, nimeomba ruhusa kazini bila malipo, na kila nikirudi nakuta ofisa mwingine ambaye hajasikia habari yangu. Ofisi siitaji. Wanaoishi huku wanazijua.

Halafu asiransi, yaani bima. Kwenye mtandao wao namba ya shasi lazima iwe na herufi na tarakimu 17, kwa sababu tangu 1981 ndivyo gari zinavyoandikwa. Namba aliyogonga mtengenezaji wa shasi yangu ni fupi. Kompyuta inasema gari haipo. Gari ipo, nimeikalia! Mwishowe nilipata kampuni ya magari ya kale, hao mnakubaliana bei ya gari kwenye karatasi tangu mwanzo, maana asiransi ya kawaida ingenilipa bei ya soko, na gari niliyoiunda mwenyewe soko lake liko wapi? Ila wana masharti: uwe na gari nyingine ya kila siku, garaji ya kufunga, na kazini usiende nayo. Kwa hiyo ninyi mnaosema natambia wafanyakazi wenzangu, karatasi yenyewe inanikataza.

Haya, nyumba. Parseli, kiwanja, ninayo, na sitasema iko wapi, safari iliyopita nilisema na watu wakaenda kuikanyaga. Na kabla hamjanifundisha namna ya kutumia pesa, niliwahi kununua basi dogo lifanye kazi pale mjini, njia ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, si nchi. Nikampa ndugu, simtaji, mama yangu anaangalia video hizi. Verseman, pesa ambayo basi linamletea mwenyewe, ilikuja wiki za mwanzo, safi, kila Jumamosi. Kisha ikaanza kuja nusu na maelezo mazima: tairi, radieta, dereva amefiwa. Kisha yakaja maelezo bila verseman. Siku moja shangazi ananitumia picha ya harusi, naona basi langu nyuma ya bibi harusi, limepambwa maua, rangi mpya, jina la mtu mwingine kwenye kioo. Hakuna aliyeandika maoni siku ile. Hakuna aliyeniambia jenga nyumba. Gari hii ya faiba nikifungua garaji naikuta. Jibu langu ndilo hilo tu.

Mnaotaka ije Lubumbashi, tufanye hesabu pamoja. Meli mpaka Dar es Salaam. Kutoka Dar inapanda lori, Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa. Pale Kasumbalesa, mpakani mwa Congo, mtu anafungua karatasi zangu, anakuta mwaka 1932, maana jimbo langu limeandika mwaka wa umbo. Jimbo jingine lingeandika mwaka niliomaliza. Congo ina sheria ya umri wa gari zinazoingia. Nitamweleza kwamba bodi ni mpya, shasi ni mpya, injini ni ya pikapu, na jina langu ndilo hilo na lile na lile? Nimeshafanya mazungumzo hayo kwa Kiingereza, sina nguvu ya kuyarudia kwa Kifaransa. Tuseme imepita. Chini ya shasi na barabara kuna nafasi ya kiganja. Mvua ya Januari, haina paa. Vumbi jekundu la Agosti, haina madigadi. Inakunywa kama lita 16 kwa kilomita mia nikienda kwa adabu, na kwa adabu siendi kila siku. Hapana. Haiji. Likizo nitakuja mimi, na nitapanda taksi kama kila mtu.

Anayetaka kujenga ya kwake pale nyumbani, mimi siwezi kukushauri, kila mtu na mfuko wake, na kila mtu na mke wake. Mimi nilianza na breki kabla ya injini, wengine wanaanza na injini wapate moyo. Mimi nilitunza kila karatasi. Pale kwetu labda utahitaji zaidi fundi mmoja anayekubali kulipwa kwa kazi iliyokwisha kuliko kwa kazi iliyoanza, na mtu huyo ukimpata usimtaje kwenye maoni, watamchukua.

Video ijayo ni taa ya nyuma ya kushoto, inawaka inapotaka, nashuku masi. Na wewe, ndugu wa Kampemba, unayeniandikia kila video nikutumie ile giaboksi ya zamani iliyobaki: nimeiuza. Dola mia na hamsini. Zimekwenda kwa mthibitishaji.