Tumbaku kwa Daraja, Mahindi kwa Debe

Ndugu wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, maafisa ugani wenzangu, akina mama na akina baba mliotoka Kaliua, Sikonge na hapa hapa Urambo: mada niliyopewa ni kuongeza tija ya nafaka na kufikia masoko bora, na waandaaji wameniomba nianze na tija, yaani mbegu, mbolea na nafasi za kupandia. Nitafika huko muda ukiruhusu. Naomba nianze na mahindi yaliyokwisha kukomaa, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza kilicho chetu tayari, na kwa sababu jambo hili nimelisema katika vikao vingi na bado kila Juni naona mahindi yakianikwa juu ya udongo mtupu.

Hakuna mtu katika ukumbi huu anayehitaji kufundishwa na mimi namna ya kuandaa tumbaku. Jani linachumwa likiwa limeiva, linakaushwa banini, yaani kwenye banda la kukaushia, kwa moto unaolindwa usiku kucha, kisha familia nzima inakaa kuchambua jani kwa jani: la chini ya mche mbali, la katikati mbali, la juu mbali, lenye madoa mbali. Robota linafungwa, linapimwa kwa kilo, mteuzi analipangia daraja, na bei inafuata daraja. Mkulima akiona robota lake limeshushwa, anauliza sababu papo hapo, na ana haki ya kuuliza. Mkulima huyo huyo akirudi nyumbani anamwaga mahindi uani, kuku na mbuzi wanapita juu yake, anayapiga kwa fimbo ndani ya gunia hadi punje zinapasuka, halafu anamwita mnunuzi anayekuja na debe lake mwenyewe. Hapo hapimi kilo, haulizi daraja, na bei anatajiwa. Ule ujuzi wa kuchambua jani kwa jani tunauacha wapi tunapofika kwenye punje?

Najua jibu, kwa maana nimelisikia kila mahali: tumbaku ina mkataba na mnunuzi anayejulikana, mahindi hayana mwenyewe. Kuna ukweli ndani yake. Lakini mahindi nayo yana madaraja. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinayagawa katika madaraja matatu, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mnunuzi mkubwa, awe Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula au msagishaji wa mjini, anaangalia mambo hayo hayo. Anayenunua kwa debe mlangoni kwako anayajua pia. Yeye ndiye anayekwenda kupepeta, kuanika upya na kupanga, na fedha ya kazi hiyo anaiweka mfukoni mwake.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio lenyewe lililegezwa baada ya siku chache kwa masharti, na watu wengi wakaliona kuwa ni siasa tu. Mimi siwezi kulipuuza kwa urahisi huo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao, waliyolima wenyewe. Sumu hii inatokana na ukungu unaostawi kwenye punje yenye unyevu, iliyopasuka au iliyolala chini, na kupika ugali hakuiondoi. Kwa hiyo ninapowasihi mtandike turubai, nawaza soko, na nawaza pia sahani ya mtoto.

Sasa chukueni chupa hii. Ni chupa ya kawaida ya kioo, safi na kavu kabisa, na ndani nimetia chumvi kavu, ile inayomwagika bila kushikana, hadi robo hivi. Naongeza mahindi yaliyopukuchuliwa hadi nusu, nafunga kizibo, natikisa kwa nguvu kwa muda wa dakika tatu, kisha naiacha itulie. Mzee uliyeketi mbele, itazame kwa karibu: chumvi imeganda kwenye kuta za chupa. Maana yake unyevu wa mahindi haya bado umezidi asilimia 15, nayo yameletwa hapa asubuhi na mtu aliyeniambia kwamba ni makavu kwa sababu yanalia yakitafunwa. Chumvi ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya kiasi hicho. Hata hivyo anikeni tena siku moja au mbili za jua, maana 15 bado haijafika 13.5. Kipimo cha umeme ni bora zaidi, na chama kinaweza kukinunua, lakini asiye nacho asiseme kwamba hana njia.

Kuna mwenye hesabu kali hapa atakayeniuliza kwa nini akaushe wakati kukausha kunapunguza kilo. Hesabu yake ni sahihi: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 zitabaki takribani kilo 95. Ila anayeuza kwa debe hauzi kilo, kwa hiyo hoja ya kupoteza kilo si yake. Na anayeuza kwa mzani aelewe kwamba kilo tano alizozing'ang'ania ni maji, na maji hayo ndiyo yatakayoozesha zile 95 akichelewa kuuza. Mnunuzi mwenye kipimo atamkata bei, au atamrudisha na gari lake.

Wapo pia wanaosema hawawezi kuweka akiba kwa sababu ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Hao nawaheshimu, kwa kuwa Tabora ina historia yake. Mdudu yule asili yake ni Amerika ya Kati, na katika Afrika alitambuliwa kwanza katika mkoa wetu huu mwanzoni mwa miaka ya 1980; wazee waliokuwapo wanakumbuka walivyomwita Scania, kwa jina la lori. Vihenge vilivyoshambuliwa vikali viliweza kupoteza hata theluthi ya uzito kwa miezi michache, na kilichobaki kilikuwa magunzi na unga wa vumbi. Somo la wakati ule ni halali hadi leo: dumuzi anapenda hindi likiwa bado kwenye gunzi, basi pukuchua mapema, pepeta, kausha, ndipo uhifadhi. Kinachofaa sana sasa ni mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS na ya aina yake, ambayo haihitaji dawa. Mifuko miwili ya ndani hufungwa kila mmoja peke yake, hewa ikabanwa nje, na wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa oksijeni. Ukitia mahindi mabichi humo, unafuga ukungu. Ukiuburuta mfuko kwenye sakafu yenye kokoto ukatoboka, umerudi kwenye gunia la kawaida. Uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na asiufungue mtu kila wiki kuchungulia.

Nitaambiwa kwamba mkulima ana madeni, ana mgonjwa, ana sare za shule, hawezi kusubiri hadi Januari. Simwambii asubiri na yote. Auze Juni kiasi kinachotatua shida iliyopo, na kilichobaki akihifadhi vizuri, badala ya kuuza chote wakati kila mtu anauza na kurudi Februari kununua ugali kwa bei ya mjini.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi tija nitaisema kwa ufupi usioistahili. Pandeni kwa mstari, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mche mmoja. Ni mashina 44,000 na ushee kwa hekta, na wengi wetu hatuna hata nusu yake shambani. Panda mahindi mahali palipotoka tumbaku, yafaidi mbolea iliyobaki ardhini. Kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi, king'olewe kabla hakijatoa maua, kwa sababu mmea mmoja unamwaga mbegu kwa makumi ya maelfu na zinakaa udongoni kwa miaka mingi, na shamba lenye kiduha libadilishwe na karanga. Mengine waulizeni watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, kituo cha Tumbi. Hawako mbali nasi. Mbolea ya ruzuku inamfikia aliyejiandikisha, basi taarifa zenu zihuishwe kabla ya msimu.

Kuhusu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, sheria ya vipimo iko wazi: gunia lisizidi kilo 100. Mkulima aliye peke yake hawezi kuitetea sheria hiyo mbele ya mwenye gari, lakini chama chenye magunia 300 yaliyopimwa, ambayo ni tani 30, kinaweza, kwa kuwa huo ni mzigo kamili wa gari. Stakabadhi za ghalani, yaani hati anazopewa mkulima kwa mazao aliyoyaweka ghalani, zenye sheria yake tangu 2005, zinahitaji mhadhara wake.

Ninachowaomba ni ajenda moja katika mkutano mkuu ujao wa kila chama: mahindi ya wanachama yakusanywe siku gani, kwenye ghala lipi, na yapimwe kwa mzani upi uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Tumbaku imewapa tayari ghala, mzani na vitabu, na kwa miezi mingi ya mwaka vinakaa bure. Katibu aandike kwenye muhtasari jina la atakayeshika mzani na jina la atakayeshika kitabu, na wawe watu wawili tofauti.