Supu na Chapati Baada ya Mbio

Mhadhara kwa wanachama wa vikundi vya joging, Temeke, Dar es Salaam, baada ya mazoezi ya Jumamosi asubuhi

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa nusu saa, akanionya kwamba supu ikishaiva hakuna atakayenisikiliza. Kwa hiyo nitaanza na hiyo hiyo supu.

Leo mmekimbia kama kilomita saba, kwa nyimbo na vigelegele. Mtu wa kilo 80 akikimbia umbali huo hutumia kilokalori 500 na ushee. Sasa anakuja hapa. Anachukua supu yenye mafuta yanayoelea, chapati mbili, na soda ya kushushia. Chapati ya mtaani, iliyopigwa mafuta ikalainika, huwa na kilokalori kati ya 250 na 300. Mbili hizo tayari zimerudisha mbio zote. Soda ya chupa ya kioo inaongeza kama 150, na supu yenyewe sijaihesabu. Saa tatu asubuhi mtu ameshaingiza kuliko alichotoa, na moyoni anajipongeza kwamba leo amefanya mazoezi. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini kuna dada hapa mbele ameniambia anakimbia nanyi muda mrefu na mizani haijasogea. Anadhani mwili wake una kasoro. Hauna.

Sisemi muache kukimbia. Mbio zinasaidia presha, sukari, usingizi na akili, na hiki kikundi chenyewe ni dawa kwa mtu mpweke. Mnakumbuka Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Jambo jema kabisa. Ila tuliacha nusu ya habari. Tuliambiwa tutoke barabarani, hatukuambiwa turudi jikoni.

Ushahidi wa hili uko hapa hapa Tanzania. Pale Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, wawindaji na wachimba mizizi. Mwanamume wa Kihadzabe hutembea kama kilomita 11 kwa siku, mwanamke kama sita. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia kwa siku nzima. Kila mtu alitegemea wawe mbali sana na Mmarekani anayeshinda ofisini. Lakini ukishazingatia ukubwa wa mwili, hawakutofautiana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaohangaika sana hubana matumizi mahali pengine ambapo hatupaoni. Na bado ni nadra sana kumkuta Mhadzabe mwenye kitambi. Anakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama anapoipata, na asali nyingi tu msimu wake ukifika. Hakuna anayempitishia trei ya maandazi saa nne asubuhi.

Utafiti mwingine ni wa Kilimanjaro, matokeo yake yalitoka mwaka 2025. Walichukuliwa vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Baadhi ya wale wa vijijini, waliozoea chakula cha nyumbani, walilishwa kwa wiki mbili vyakula vya mtindo wa kizungu, kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini wakageuziwa, wakapewa ndizi, kunde, mboga za majani, ulezi na vyakula vya aina hiyo. Wale wa kijijini uzito ukapanda, na damu yao ikaanza kuonyesha dalili za uchochezi mwilini, ile hali inayotangulia kisukari na maradhi ya moyo. Wa mjini damu yao ikatulia. Wiki mbili tu. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Fikirini hilo. Chakula kilichowatuliza vijana wale ndicho tunachokiita chakula cha shida.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kila mtu akizungumzia unene anazungumza kama vile ni suala la mtu mmoja na mdomo wake. Unene wetu umejengwa na jamii nzima, tena kwa nia njema. Mgeni akija, ukimpa maji umemdharau, lazima soda. Mtoto akifaulu, chipsi kuku. Mume akipata kazi, tunataka kitambi kianze kuonekana, la sivyo watu watauliza mshahara anapeleka wapi. Bibi harusi anatoka kitchen party anaingia send-off, kisha harusi, kisha kuvunja kamati, na kote huko sahani hupakiwa pilau, wali, ndizi za kukaanga, nyama, kuku na chipsi kwa mpigo, maana tumechanga! Mchango ule lazima urudi kwa njia ya tumbo.

Na mtu akipungua? Hata akipungua kwa kukusudia, barabara nzima inamsimamisha. "Umekonda, kuna nini?" Sisi wenye umri tunajua swali hilo limetoka wapi. Miaka ya tisini UKIMWI ulipokuwa unatumaliza na dawa hazijafika, kukonda kulikuwa tangazo la msiba. Hofu ile haijaondoka. Nimewaona akina mama waliopunguza kilo nane kwa njia sahihi wakairudisha yote kwa sababu ya mawifi na majirani. Mtu anasakamwa mpaka anaona afadhali anenepe apumzike.

Lakini siwezi kulaumu heshima peke yake. Kuna mkaa. Maharage makavu yanachemka saa nyingi na yanakula mkaa. Mama ametoka Kariakoo, amesimama kwenye daladala mpaka Mbagala, anafika saa mbili usiku watoto wana njaa. Zege, yaani chipsi mayai, iko mlangoni, inakaangwa kwa dakika kumi na jiko ni la mwenzake. Ukimwambia mama huyu "kula vizuri" bila kumgusia mkaa na muda, umemtukana. Ninachowashauri wenye friji, au jirani mwenye friji, ni kupika maharage au choroko za siku tatu kwa mara moja na kuzigawa. Wasio na friji waloweke usiku kucha na kumwaga maji yale. Yanaiva mapema zaidi. Kunde na choroko zinawahi kuliko maharage. Dagaa hazihitaji hata robo saa.

Takwimu nitazipitia haraka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Kwa jirani zetu Kenya ilikuwa asilimia 33 mwaka 2014, ikafika 45 mwaka 2022. Kisukari kilipopimwa hapa nchini mwaka 2012, kilikutwa kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ni karibu mtu mmoja katika kila kumi na mmoja. Hesabuni safu yenu hapo mlipokaa.

Sasa njia za mkato. Kuna majani ya kupunguza kitambi yanauzwa kwenye simu. Mengi ya aina hiyo yana sanamaki, yaani dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na mavi, mafuta yako yapo pale pale. Kuna kushinda na matango siku saba. Utapungua, ndiyo, kisha mwili utadai chake. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu waliopunguza uzito kwa kujinyima sana. Mwaka mzima ulipita na homoni zao za njaa zilikuwa bado juu, za kushiba zikiwa chini. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya washindani 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, 13 walikuwa wamerudisha kilo, wanne wakiwa wazito kuliko walivyoanza, na miili yao ikiwa imetulia ilikuwa inatumia nishati pungufu kwa takribani kilokalori 500 kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo mtu aliyerudisha kilo asichekwe kwamba hana msimamo. Anapigana na njaa ambayo wewe huisikii.

Kinachodumu ni kidogo kuliko mnavyotaka, na hapa ndipo wateja wangu wengi huondoka wamenuna. Marekani, mwaka 2002, utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari ulitoa matokeo. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama kutembea kwa haraka. Hatari ya kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ikashuka kwa asilimia 31. Miaka kumi baadaye wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zile, na bado walipata kisukari kwa uchache kuliko wengine. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki hata kilo sita. Hutaonekana tofauti kwenye picha ya harusi. Kongosho lako ndilo litakaloona.

Mimi huanza na vinywaji, kwa sababu kalori za kunywa hazishibishi. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema afadhali mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku nzima. Na chai? Vijiko vitatu mara vikombe vitatu, umeshafika kwenye soda. Punguza kijiko kimoja, kaa wiki tatu, punguza kingine. Ulimi unazoea, ila usiulazimishe kwa siku moja. Na juisi ya miwa msidhani imesamehewa kwa sababu mmeona muwa ukikamuliwa.

Kisha mafuta ya kula. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita moja kwa siku tatu, kila mmoja amekula karibu kilokalori 700 kwa siku za mafuta peke yake. Sijali ni ya alizeti au ya mawese, kalori ni zile zile. Acheni kumimina kutoka kwenye dumu, pimeni kwa kijiko. Familia inayotoka siku tatu ikafika wiki imefanya kazi kubwa kuliko mbio zenu za leo.

Sahani iwe nusu mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, chochote. Ugali ubaki robo, wa dona ukipatikana, yaani unga usiokobolewa. Robo iliyobaki maharage, samaki au nyama. Na mabadiliko yawe ya nyumba nzima. Mama mmoja kupikiwa kasufuria kake pembeni huku wengine wanakula mihogo ya kukaanga, hiyo haifiki mwezi.

Mizani muiangalie mara moja kwa wiki, basi. Chukueni tepu ya fundi cherehani, pimeni kiuno. Kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160, kiuno kisipite 80.

Maswali sasa.

(Mama lishe mmoja aliuliza: akipunguza mafuta, wateja si watahamia kwa jirani? Na ugali wa dona wanauita wa gerezani.)

Mama, una haki. Usibadilishe chungu chote kwa siku moja, biashara ni ya kwako na watoto wanasoma kwayo. Anza na mboga: ongeza upawa wa pili wa matembele kwa kila sahani, punguza ugali kidogo, bei ile ile. Dona ipike sufuria ndogo kwa wanaoitaka. Wenye sukari ni wengi hapa mtaani na hawana pa kula mchana. Wakijua unayo watakutafuta. Na nyie wanakikundi mnaomwagiza supu kila Jumamosi, muagizeni uji wa ulezi, viazi vitamu vya kuchemsha na mayai ya kuchemsha. Akiona oda atapika.

(Kijana aliuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito.)

Zipo na zinafanya kazi, semaglutide ni mojawapo. Lakini katika utafiti mkubwa, walioacha walirudisha theluthi mbili ya uzito ndani ya mwaka mmoja. Ni dawa ya daktari, na ni ya muda mrefu. Usiinunue kwa mtu wa mtandaoni. Na mzee wangu uliyesema unatumia vidonge vya sukari, usibadilishe mlo kwa kishindo kabla hujapita kliniki. Sukari inaweza kushuka ukaanguka.

(Bwana mmoja aliuliza: mke akimwekea chakula kidogo, ndugu zake si watasema hamlishi?)

Watasema. Na atakayebeba lawama ni yeye, wewe utakuwa umekaa kimya unatafuna. Kwa hiyo usimtume mkeo vitani. Mama yako akija, wewe ndiye useme, kabla sahani hazijaletwa, kwamba umeambiwa presha imepanda na ni wewe mwenyewe uliyeomba upunguziwe. Kisha amka ujipakulie mwenyewe, mbele yao wote. Mama akilia, mwache alie, mwonyeshe kadi ya kliniki.