Mvua Iko Mlimani, Maji Yanakuja Mjini

UPENDO: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Arusha na Moshi. Masika ndiyo haya. Kaka Eli, ukiambiwa uchague hatari moja tu ya msimu huu, utataja ipi?

ELI: Korongo, dada. Tunaangalia anga la mjini, jua linawaka pale sokoni, tunasema leo shwari. Kumbe huko juu mlima Meru imenyesha ya nguvu, na mto Themi au Naura unajaa ghafla. Moshi ni vilevile: mvua inapiga Kilimanjaro, maji yanamkuta mtu kwenye mto Karanga.

UPENDO: Na mtu anavuka tu.

ELI: Anavuka kwa sababu jana alivuka. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30, gari dogo linaanza kuelea. Halafu ni ya tope, huoni kama barabara bado ipo au imeshakatika.

UPENDO: Nawafikiria vijana wanaochota mchanga mle ndani, na kina mama wanaofua. Watajuaje?

ELI: Maji yaliyokuwa maangavu yanageuka kahawia, yanaleta vijiti na majani, na mngurumo unasikika kutoka juu. Hapo acha sepetu, acha nguo. Usikimbie kufuata mto, panda ukingo.

UPENDO: Na radi? Bibi zetu walikuwa wanafunika vioo.

ELI: Kioo hakiiti radi. Radi hupenda kupiga kilicho kirefu na kilichosimama peke yake, kwa hiyo mti ulio katikati ya shamba ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, na ndipo watu wanapokimbilia! Ukiona mwanga, hesabu: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikija kabla ya sekunde 30, ingia kwenye nyumba iliyojengwa vizuri au gari la bati lililofungwa vioo. Kaa humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

UPENDO: Na Katesh, ule mji wa chini ya mlima Hanang? Mimi maafa yale ya Desemba 2023 bado yananiuma.

ELI: Yanauma sana. Mvua kubwa, mlima Hanang ukamomonyoka, tope likashuka na mawe na magogo, wakafa watu zaidi ya 80. Ukiishi chini ya mteremko ukaona ufa mpya ardhini, au miti imeanza kuinama, hama kwanza, maswali baadaye.

UPENDO: Sasa Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa rangi ya chungwa jioni hii, na mtu amepanga chumba ukingoni mwa korongo?

ELI: Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa huyo wa ukingoni, mimi nasema asisubiri nyekundu. Awapeleke watoto kwa ndugu anayekaa juu kabla ya giza.

UPENDO: Kama hana ndugu?

ELI: Amwone balozi wa nyumba kumi mapema, wapatiwe pa kulala shuleni au kanisani. Saa nane usiku maji yakishaingia chumbani, huwezi kuona hata mlango uko wapi.