Kibaya Chajitembeza: Jinsi Vita vya Iraq Vilivyouzwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uandishi wa habari,

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naazima lugha ya sokoni kwa sababu wahusika wenyewe waliitumia. Septemba 2002, Andrew Card, mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Marekani, aliulizwa na gazeti la New York Times kwa nini serikali ya George W. Bush ilingoja mwezi huo ndipo ianze kuwashawishi wananchi kuhusu Iraq. Alijibu kwamba, kwa mtazamo wa masoko, bidhaa mpya haizinduliwi mwezi Agosti. Bidhaa aliyokuwa akiizungumzia ilikuwa vita.

Jibu hilo lilichapishwa tarehe 7. Kesho yake, Jumapili, gazeti hilohilo lilitoa katika ukurasa wa kwanza habari kwamba Iraq ilikuwa ikitafuta maelfu ya mabomba ya alumini, ambayo maofisa wasiotajwa majina walisema yalikusudiwa kurutubishia urani ya bomu la nyuklia. Asubuhi hiyohiyo Makamu wa Rais, Dick Cheney, aliketi mbele ya kamera za NBC akaitaja habari ile ya gazeti kuunga mkono hoja yake, na Condoleezza Rice, mshauri wa Rais wa usalama wa taifa, akaonya kupitia CNN kwamba haifai kungoja ushahidi kamili, usije ukafika kwa sura ya wingu la mlipuko wa nyuklia. Naomba mtazame mzunguko huu bila haraka. Ofisa anamnong'oneza mwandishi, mwandishi anaandika, kisha mkubwa wa ofisa yule anamnukuu mwandishi, na mwananchi aliye nyumbani anadhani amesikia mashahidi wawili ilhali sauti ni moja. Katika baraza lolote la wazee, mdai anayeleta shahidi aliyemfundisha maneno usiku uliotangulia angefukuzwa.

Wapo waliojua. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani waliona mabomba yale yanafaa zaidi kwa maroketi ya kawaida, na Jonathan Landay na Warren Strobel wa shirika la Knight Ridder waliandika juu ya mashaka yaliyokuwamo ndani ya serikali yenyewe. Lakini shirika lao halikuwa na gazeti Washington wala New York, kwa hiyo wakubwa hawakuzikuta habari hizo mezani wakati wa kifungua kinywa.

Ufundi huu una umri. Oktoba 1990, binti wa miaka 15 aliyetambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliwasimulia wabunge wa Marekani huku akilia kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za joto za hospitali moja ya Kuwait na kuwaacha sakafuni wafe. Rais Bush, yule mzee, baba wa George W., aliirudia simulizi hiyo mara nyingi, na Januari 1991 Seneti iliidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Mwaka 1992 ndipo umma ulipofahamu kwamba binti yule alikuwa mtoto wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba aliandaliwa na Hill and Knowlton, kampuni ya uhusiano wa umma iliyolipwa mamilioni ya dola kwa kampeni hiyo. Kuwait ilikuwa imevamiwa kweli, na ukatili wa Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, haukuhitaji kutungwa. Ndiyo maana uongo ule ulishika mizizi upesi.

Bara letu nalo lilitiwa katika kapu hilo. Tarehe 28 Januari 2003, Bush mwana alilihutubia Bunge akisema serikali ya Uingereza imebaini kwamba Saddam alitafuta urani barani Afrika. Tarehe 7 Machi, Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, aliliarifu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba hati zilizodai Iraq ilitafuta urani hiyo nchini Niger hazikuwa halisi. Siku 13 baadaye mashambulizi yalianza.

Nanyi mtakaotafsiri habari za mashirika ya nje kwa Kiswahili, chungeni vitenzi. Mkiandika kwamba Bush "amefichua", mmekwisha kuthibitisha. Mkiandika "amedai", mmemwachia mzigo wake mwenyewe. "Inasemekana" ni mbaya zaidi, maana humficha msemaji kabisa. (Najua mhariri hukikata "amedai" akidhani ni utovu wa adabu kwa rais wa watu. Bishaneni naye.)

Mei 2004, silaha za maangamizi ambazo Iraq ilidaiwa kuwa nazo zikiwa hazijaonekana, New York Times lilikiri kwa wasomaji wake kwamba sehemu ya habari zake kuhusu Iraq haikuchunguzwa kwa ukali uliostahili. Habari ya mabomba ilitoka ukurasa wa kwanza. Ungamo hilo liliwekwa ukurasa wa 10.