Shada la Espiga: Kulichuma, Kulifunga na Kulitunza Mwaka Mzima

Ndugu wasikilizaji, leo tutazungumzia shada moja tu: lile ambalo Wareno, hasa wa kati na kusini mwa nchi yao, huchuma Alhamisi ya Kupaa Bwana na kulitundika nyuma ya mlango hadi mwaka unaofuata. Siku hiyo huitwa Dia da Espiga, Siku ya Suke.

Tarehe yake haitulii. Hesabu siku 39 baada ya Jumapili ya Pasaka: mwaka 2024 iliangukia Mei 9, mwaka 2025 Mei 29. Iliondolewa kwenye sikukuu za taifa mwaka 1952, na Kanisa huko sasa huadhimisha Kupaa Jumapili inayofuata, lakini shada limebaki Alhamisi. Miji ya Loulé, Mafra na Beja bado hupumzika siku hiyo.

Tofauti hiyo ya majuma huonekana shambani. Pasaka ikiwahi, masuke huwa mabichi na yakifungwa yakiwa na umande huota ukungu. Ikichelewa, maua mengi ya popi yameshapukutika.

Sasa viungo vyake. Masuke ya ngano ni mkate. Ngano ikikosekana, shayiri hufaa. Mzeituni ni amani, na pia mafuta, ambayo zamani yaliwasha taa. Maua ya deizi, meupe na ya njano, ni fedha na dhahabu. Popi nyekundu ni upendo na uhai, rozimari ni afya, mzabibu ni furaha. Anayejazia waridi la dukani amelipendezesha shada na kuliharibu papo hapo, kwa sababu kila shina humu linaombea jambo, na waridi halina lake.

Masuke matano, vijitawi viwili vya mzeituni na kimoja cha rozimari vinatosha kuwa mgongo. Popi ndiyo yenye usumbufu: iliyochanua hudondosha petali kabla hujafika nyumbani. Chuma tumba lililoanza kupasuka, wekundu ukichungulia, futa utomvu kwenye shina, kisha lipenyeze katikati ya masuke yalishikilie. Jani la mzabibu hujikunja upesi, kwa hiyo liweke nje, mwisho kabisa. Funga kwa uzi wa katani, tundika vichwa vikiangalia chini. Baada ya wiki mbili kaza uzi upya. Mashina yakikauka husinyaa, na deizi ndizo za kwanza kuchomoka.

Saa ya kuchuma ni saa sita mchana. Wazee husema wakati huo maji ya vijito husimama, maziwa hayagandi, mkate hauumuki, na mimea hupata nguvu kuliko saa nyingine yoyote.

Shada la zamani halitolewi kabla jipya halijatundikwa, kwani radi zikianza kunguruma hukatwa kipande chake na kutupwa motoni ili nyumba isalimike.