Pesa: lilikotoka na lilikofika neno hili

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wangu, na ninyi nyote mliotenga jioni yenu kwa ajili ya neno moja, asanteni sana.

Neno lenyewe ni pesa. Nimelichagua kwa sababu linaonewa. Wapo wanaowakosoa watoto: usiseme pesa, sema fedha, ndicho Kiswahili sanifu. Lakini fedha nayo tuliipata kwa Waarabu, ni jina la yale madini meupe, na hakuna anayeiuliza kabila lake. Kwa nini pesa iulizwe?

Basi tuiulize kwa heshima. Wengine husema ililetwa na Wareno, kwamba ni peso. Sikubaliani nao. Peso asili yake ni uzito, na kilichowapotosha watu ni mfanano wa sauti tu. Pesa ni paisa ya Bara Hindi. Wataalamu wengi huirudisha kwenye Kisanskriti, kwenye maneno yenye maana ya sehemu ya robo, na kweli ilikuwa robo: rupia moja ilikuwa ana 16, na kila ana paisa nne. Zidisheni, mtapata 64. Naomba muishike namba hiyo.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wakubwa wa Unguja walihesabiana kwa reale, ile sarafu nzito ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Sasa nani atampa muuza mihogo reale nzima, naye atarudisha chenji gani? Mnunuzi wa kibaba cha mtama au wa samaki wawili alihitaji kitu kidogo, na kitu hicho kilikuja na majahazi na meli kutoka Bombay: vipande vya shaba. Sarafu za shaba za Bombay zilichorwa mizani, na chini yake neno la Kiarabu la uadilifu. Sultani Barghash alipotoa pesa zake mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu na 1882, akachora mizani. Kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa ikatoa zake mwaka 1888, nayo ikachora mizani. Watawala watatu tofauti, alama ile ile! Mimi nasoma hapo kwamba aliyeiamulia pesa sura yake alikuwa mtu wa sokoni, kwa kuwa hakuwa tayari kupokea asichokijua.

Wajerumani walilielewa hilo. Pesa yao ya 1890 ina tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Rupia yao pia iligawanywa kwa ile ile 64. Kisha mwaka 1904 wakabadilisha hesabu: rupia moja iwe heller 100. Heller ni sarafu ya kale ya Ujerumani, na jina lake linatokana na mji wa Hall, katika eneo la Swabia. Ndiyo hela yetu. Vita vilipozuia meli, mwaka 1916, wakazitengeneza hela pale pale Tabora.

Hapa ndipo maneno yanapotuonyesha ramani. Mtanzania wa bara leo anasema sina hela bila kufikiri. Mkenya analielewa neno hilo, lakini kinywani mwake utasikia pesa, kwa kuwa Wajerumani hawakumtawala. Vukeni hadi Burundi: Wabelgiji waliichukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakaleta faranga, na mpaka sasa sarafu ya nchi ni faranga, lakini Mrundi akizungumzia fedha husema amahera. Utawala wa Wajerumani ulidumu miaka michache tu, na neno lake limepita miaka mia moja.

Pesa nayo ilitembea. Wakikuyu wakaifanya mbeca, Wakamba mbesa. Mwaka 1909 Waitaliano walitoa sarafu za besa kwa ajili ya Somalia. Kisomali hakina sauti ya p, kama Kiarabu. Kwa sababu hiyo hiyo Oman wanasema baisa, na kule sarafu hiyo haijafa: baisa 1,000 ni riali moja. Kwa Waganda, eppeesa ni kifungo cha shati. Mimi naona ni neno hili hili, kwa maana sarafu na kifungo vyote ni viduara vidogo unavyovishika kwa ncha za vidole.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni namna lilivyopanda cheo. Pesa ilikuwa kipande kimoja cha 64. Tunapotaka kusema tumefilisika kabisa, tunataja sarafu ndogo ndogo: sina hata senti, sina hata ndururu, sina hata thumni. Pesa haimo tena katika safu hiyo. Shilingi ilipoingia mwaka 1921 kipande chenyewe kilikwisha kutoweka sokoni, na jina, likiwa halina sarafu ya kulifunga, likachukua mali yote. Anayesema sina pesa leo amesema kila kitu. Huko India nako paisa ilipata maana hiyo hiyo, fedha kwa jumla, ingawa wao bado wanaihesabu: tangu 1957 rupia moja ni paisa 100.

Mwaka 2007 Kenya ilizindua huduma ya kutuma fedha kwa simu, M-Pesa, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Mwaka huo huo wa 2008 ilifika Afghanistan, na kule waliiita M-Paisa. Mwaka 2013 ikapelekwa India kwa tahajia yetu, M-Pesa. Neno lililoondoka Bombay likiwa kipande cha shaba lilirudi na matamshi ya Mswahili, wala hakuna aliyehitaji kuwafasiria wenyeji maana yake.

Sasa nawakaribisha kwa maswali, na kama yupo hapa Mrundi au Mwomani, aanze yeye.